Sikio Hili Linasikia Dawa

Mjini Muyinga, Burundi, pale njia inapokutana na uwanja, kuna jengo la udongo lenye paa la vigae na baraza ndefu. Kuta zake ni za matofali mabichi yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono, kila tofali urefu wa sentimita 29. Mashine hizo zilikutwa zimetelekezwa, zimelaliwa na vumbi la miaka 15, zikasafishwa na kurudishwa kazini. Ndani, juu ya vichwa vya wasomaji, umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za mkonge. Watoto hupanda humo, wakajilaza na vitabu vyao. Ni maktaba. Ilijengwa mwaka 2012 na wasanifu wa BC Architects wa Brussels pamoja na mafundi wa hapo hapo Muyinga, kwa ajili ya shirika la ODEDIM, na ilikusudiwa iwe sehemu ya kwanza ya shule jumuishi ya watoto viziwi.

Picha za jengo hilo zimezunguka dunia katika majarida ya usanifu. Zinasifiwa kamba, zinasifiwa vigae, unasifiwa upepo unaopita kati ya matundu ya ukuta. Mimi kila ninapoliona hujiuliza kuhusu watoto wenyewe. Wako waliozaliwa wakiwa viziwi, na hao wanastahili shule nzuri, lugha yao ya alama, na walimu wanaoijua. Lakini wako pia walioingia katika uziwi polepole, wakiwa nyumbani kwao, mama akiwa jikoni na baba shambani, sikio likitoa usaha mwezi baada ya mwezi na kila mtu mzima akisema litakauka lenyewe akikua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto milioni 34 duniani wana upungufu mkubwa wa kusikia, na kwamba kwa watoto, visa 60 kati ya 100 vina sababu zinazoweza kuzuilika. Sitini kati ya mia! Ugonjwa unaozuilika kwa kiasi hicho haupaswi kuzoeleka, na huu umezoeleka.

Kwa Kirundi huitwa umuhaha. Jina lina sauti nyepesi, na huenda ndiyo sababu watu hulitamka bila wasiwasi: mtoto ana umuhaha, kama vile ana mafua. Na kweli huanza kama mafua. Kati ya nyuma ya pua na sehemu ya kati ya sikio kuna mrija mwembamba unaopitisha hewa. Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama, hivyo uchafu hushuka. Kwa mtoto ni mfupi, na umelala karibu sawa na sakafu. Akipata mafua, kamasi na vijidudu hupanda humo, usaha unajaa nyuma ya ngoma ya sikio, ngoma inavimba, mtoto analia usiku kucha akishika sikio, kisha alfajiri ngoma inapasuka. Usaha unatoka, maumivu yanapoa, mtoto analala. Wazazi wanashukuru Mungu kwamba amepona, na hapo hasa ndipo wanapopaswa kuanza kuhangaika.

Mtu wa Gitega hahitaji kueleweshwa ngoma ni kitu gani. Kilomita chache nje ya mji uko Gishora, nyumbani kwa wapiga ngoma ambao ibada yao UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi wa wanadamu. Anajua kwamba ngozi ikitoboka, ngoma haitoi sauti yake hata apige nani. Ya sikio ni hivyo hivyo, ila ina rehema moja: ni ngozi hai. Tundu dogo likiwekwa kavu mara nyingi huziba lenyewe ndani ya wiki chache. Likiachwa limelowa, vijidudu hufanya makao, kingo za tundu hukomaa, na vijifupa vitatu vinavyopitisha sauti huanza kuliwa. Usaha ukitoka kwa wiki mbili au zaidi, huo si umuhaha wa kupita tena. Ni ugonjwa sugu.

Nina mdogo wangu aliyekulia na sikio la namna hiyo. Sote tulilijua kwa harufu kabla ya kulijua kwa jina. Nyumbani alizibwa pamba asubuhi ili asichafue kola ya shati, na ile pamba ilishinda humo mpaka jioni, imelowa, ikilea ugonjwa uleule tuliodhani tunauficha. Bibi alimtilia mafuta ya mawese ya vuguvugu. Jirani alileta majani yaliyokamuliwa. Shuleni alihamishiwa dawati la nyuma kwa sababu wenzake walilalamika harufu, na huko nyuma hakusikia kitu, na kwa kuwa hakusikia aliitwa mkaidi, na kwa ukaidi alichapwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na nia mbaya. Tulimpenda, tena sana. Leo ana miaka thelathini na kitu, na ukizungumza naye lazima ukae upande wake wa kulia.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Walimkusudia mtu asiyeshaurika. Lakini nimesikia methali hiyo ikisemwa juu ya sikio lenyewe, sikio la nyama la mtoto wa miaka saba, kama hukumu: limeshaharibika, acheni kupoteza fedha. Hapo siwezi kukubaliana na wahenga, wala sidhani wangekubali wenyewe methali yao itumike hivyo. Sikio hili linasikia dawa, na dawa yake ya kwanza haina bei.

Ni kitambaa. Kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, kikapindwa kwa vidole mpaka kiwe na ncha laini kama utambi wa taa. Mama anamkalisha mtoto kwenye mwanga, anavuta sikio taratibu, anaingiza utambi mpaka unyonye usaha, anautoa, anautupa, anapinda mwingine. Anarudia mpaka utambi utoke mkavu. Mara tatu kwa siku, kila siku, mpaka sikio likauke. Muuguzi akishalichungulia, huongeza matone ya dawa, kwa kawaida siprofloksasini, kwa muda wa wiki mbili, na matone hutiwa baada ya kukausha, kwa sababu yakitiwa juu ya usaha huelea tu. Utambi hauachwi ndani ya sikio. Mafuta hayatiwi, maziwa ya mama hayatiwi, maji hayaingii wakati wa kuoga. Njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku na pini ya nywele vikae mbali. Na matone ya kununua sokoni bila kuonwa na mtaalamu yana hatari yake, maana yapo yenye dawa ambazo zikipita kwenye tundu la ngoma huenda zikaua sikio la ndani, ambalo halioti tena.

Nimeliandika jambo hili kwa urefu kwa makusudi. Gazeti hufungiwa maandazi Jumatatu, na natamani aya hiyo ikatwe kabla, ibandikwe ukutani karibu na kalenda.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Tarehe 1 Mei 2006 Burundi ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Aliyekuwapo anakumbuka jinsi vituo vya afya vilivyofurika. Ulikuwa uamuzi wa maana, na watoto wengi wako hai kwa sababu yake. Wauguzi wa vituo vidogo hufuata mwongozo wa kumtibu mtoto mgonjwa, na katika mwongozo huo sikio lina nafasi yake: muulize mama kama mtoto anaumwa sikio, tazama kama usaha unatoka, uliza umetoka kwa siku ngapi, gusa nyuma ya sikio uone kama pamevimba. Maswali hayo ni mazuri, ila mwongozo wenyewe unaishia pale pale inapoishia huduma ya bure, kwenye miaka mitano.

Sikio halijui siku ya kuzaliwa. Mtoto aliyeanza kutoa usaha akiwa na miaka mitatu, anapofikisha mitano bado anatoa usaha, ila sasa kumwona muuguzi kuna gharama, matone yana bei, na nauli ya pikipiki iko palepale. Ipo kadi ya CAM inayopunguza sehemu kubwa ya malipo kwa kaya za vijijini, lakini kadi hununuliwa, na sehemu inayobaki hulipwa. Kwa kaya inayosubiri mavuno ya kahawa ndipo ishike noti mkononi, ugonjwa usioua leo husogezwa mbele. Na mwaka mmoja tu baadaye, akiwa na miaka sita, mtoto anaingia darasa la kwanza na kuanza kuyahitaji masikio yake kuliko wakati wowote. Mlango wa zahanati unakuwa mzito kuusukuma wakati uleule ule wa shule unapofunguka. Kama serikali ingeniuliza nianzie wapi, ningesema: kabla ya mashine yoyote mpya, dawa ya sikio iwe bure mpaka mtoto amalize shule ya msingi.

Bingwa naye yuko mbali. Madaktari bingwa wa masikio, pua na koo ni wachache mno nchini, na wengi wao wako Bujumbura. Kutoka Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, ni kama kilomita 100 za milima na kona. Kutoka Muyinga, ambayo katika mgawanyo mpya wa mikoa imo ndani ya Buhumuza, safari ni karibu mara mbili ya hapo, na miaka hii ya uhaba wa petroli nauli imekuwa ikibadilika kabla hujafika kituoni. Kwa hiyo anayeweza kuokoa sikio la mtoto wa Muyinga ni muuguzi wa kituo cha afya cha karibu, pamoja na abaremeshakiyago, wale wahudumu wa kujitolea wanaopita mlango kwa mlango vilimani. Bingwa atahitajika kwa wachache: tundu lisiloziba, au uvimbe wa moto nyuma ya sikio unaolisukuma mbele. Uvimbe huo ni dharura, ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa usaha uliofika kwenye mfupa unaweza kufika kwenye ubongo.

Kushuka kidogo kutoka sikioni kuna koo, na kooni kuna habari ambayo Mswahili na Mrundi wanaielewa hata bila mkalimani. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, Kiswahili hukiita kilimi au kimeo, na Kirundi hukiita ikirimi. Neno ni moja, na kwa bahati mbaya wembe nao ni mmoja. Mtoto akikohoa bila kukoma, akikataa kunyonya, akitapika, huambiwa kilimi kimerefuka, na hupelekwa kwa fundi wa kienyeji akikate. Tanzania wanakata, Burundi wanakata, Rwanda wanakata. Kilimi chenyewe hakina kosa. Mtoto anayekohoa ana homa ya mapafu, au mafua, au malaria, na siku mbili anazougulia kidonda cha kinywa ndizo siku mbili ambazo ugonjwa wake wa kweli unaendelea bila dawa. Wengine hutoka damu isiyozuilika, wengine kidonda huoza. Niwaombe bibi zetu, kwa heshima yote, maana mara nyingi wao ndio wenye neno la mwisho: mwanzo mpelekeni akapimwe pumzi zake. Mtoto anayepumua haraka au anayebonyea mbavu anahitaji dawa ya mapafu, hahitaji makali ya mtu yeyote.

Kwa watoto wakubwa, koo lina mtego mwingine. Mafindofindo mengi huletwa na virusi na hupita. Lakini yako yanayoletwa na bakteria, na kati ya miaka 5 na 15 mwili wa baadhi ya watoto ukipigana na bakteria hao hujichanganya na kushambulia moyo wao wenyewe. Wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, viungo vinavimba, homa inarudi, na valvu za moyo zinaanza kukakamaa. Sindano moja ya penisilini iliyodungwa mapema ingezuia yote hayo. Miaka kumi baadaye, mtoto huyohuyo, kama ni msichana, akipata mimba na moyo ukashindwa, ataandikiwa rufaa ya upasuaji nje ya nchi, labda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Na umri wenyewe, utaona, unaanzia palepale matibabu ya bure yanapokoma.

Puani sitakaa sana, ila mama wa Burundi ajue habari ya harage. Katika nchi ambayo maharage huliwa karibu kila siku, harage ndilo linalopatikana kwa vidole vya mtoto wa miaka miwili, na pua iko karibu. Tundu moja la pua likitoa kamasi yenye harufu mbaya, moja tu na si yote mawili, kuna kitu ndani mpaka ithibitike hakuna. Usimwagie maji, harage huvimba. Usichokonoe, litazama. Na kikiwa ni kile kibetri cha duara kama kifungo, cha saa au cha kichezeo, usisubiri asubuhi, maana ndani ya saa chache tu huunguza ukuta wa pua mpaka ukatoboka.

Kuna uziwi mwingine unaokuja kwa kishindo. Machi 2017 Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria, na wodi zikajaa. Watoto wengi walirudi nyumbani wazima. Lakini malaria inayopanda kichwani, na zaidi yake homa ya uti wa mgongo, huweza kumrudishia mama mtoto anayetembea, anayekula, asiyegeuka anapoitwa. Mama hudhani ni uchovu wa ugonjwa. Anapogundua, miezi imepita. Chanjo zinasaidia: ya surua na rubela, na ya nimonia ambayo hupunguza pia homa ya uti wa mgongo na umuhaha wenyewe. Mtoto yeyote aliyelazwa kwa malaria ya kichwani au homa ya uti wa mgongo apimwe usikivu kabla hajaruhusiwa. Ni jambo la dakika chache.

Mmarekani Andrew Foster alipoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa na miaka 11, huko Alabama. Mwaka 1954 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha viziwi cha Gallaudet, kisha mwaka 1957 akafungua shule Accra, na tangu hapo hakutulia: shule zaidi ya thelathini za viziwi katika nchi za Afrika, nyingi zikianzia katika vyumba vya kuazima. Alifariki Desemba 1987 katika ajali ya ndege nchini Rwanda, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Namtaja kwa kuwa mara nyingi tunapozungumza habari za kuzuia uziwi tunawaumiza viziwi bila kukusudia, kana kwamba maisha yao ni ajali iliyopaswa kuepukwa. Sivyo. Aliye kiziwi anahitaji lugha, na anaihitaji mapema, hata kama daktari hana la kumfanyia. Kirundi humwita mtu huyo ikiragi, Kiswahili cha mtaani humwita bubu, na majina yote mawili yanamtazama kama mtu asiye na neno la kusema. Viziwi wenyewe Tanzania wamejichagulia jina, chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi, na sisi tungeanza kwa kuwaita wanavyojiita.

Kati ya yule anayehitaji lugha ya alama na yule anayesikia vizuri, yupo wa tatu katika madarasa ya Gitega na Muyinga: anayesikia nusu. Huyu haingii katika hesabu yoyote. Anasikia mlango ukibamizwa, basi watu husema anasikia. Hasikii mwisho wa neno. Na mtoto wa Burundi hukutana shuleni na Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, lugha nne, tatu kati yake zikiingia kupitia sikio kabla ya kitabu, katika darasa lililojaa ambalo wenzake wa zamu ya mchana wanangoja kulipokea. Mwisho wa mwaka anarudia darasa. Akirudia mara ya pili, anabaki nyumbani kulisha mbuzi.

Mwalimu anaweza kumpata mtoto huyu bila kifaa chochote. Aandae asubuhi moja, darasa likiwa nje, mahali palipotulia. Amsimamishe mtoto, yeye asimame nyuma yake umbali wa mkono mmoja, ili midomo isionekane. Kwa kidole alizibe sikio moja la mtoto, akibonyeza kile kinyama cha mbele na kukisugua taratibu. Atoe pumzi yote, kisha anong'one maneno matatu ya kila siku: inka, izuba, amata. Ng'ombe, jua, maziwa. Mtoto ayarudie. Akikosa, mwalimu anong'one mengine matatu. Akikosa tena, jina liandikwe, sikio lichunguliwe kama limelowa, na mzazi aitwe siku hiyohiyo, aambiwe habari ya kitambaa na ya kituo cha afya, na asiambiwe kwamba mwanawe ni mkaidi.

Kisha azibe upande uliopimwa, aanze na sikio la pili.